Usukani wa ndege unapogoma: Je, miji ya Mlima Kenya imejiandaa?

KWA abiria anayepanda ndege ndogo katika Uwanja wa Wilson jijini Nairobi kuelekea Nanyuki, safari huwa fupi mno. Milima ya Aberdare hupita upande wa kushoto, Mlima Kenya hujitokeza upande wa kulia endapo mawingu hayajaufunika, na punde si punde rubani huanza kupunguza mwendo ili atue.

Dakika hizo chache za mwisho ndizo zenye kazi nyingi zaidi. Mwendo unapungua, ardhi inakaribia, na flapu, yaani vile vibapa vya nyuma ya mabawa vinavyoiwezesha ndege kuelea kwa mwendo mdogo, zinateremshwa. Hitilafu ikitokea katika mitambo ya kuielekeza ndege wakati huo, rubani huwa hana akiba ya urefu wala ya muda.

Swali linalofaa kuulizwa na wakazi wa Nyeri, Nanyuki, Meru na Isiolo si iwapo hitilafu ya namna hiyo inaweza kutokea. Ndege ni mtambo, na hakuna mtambo usioharibika. Swali ni hili: rubani akigundua kwamba usukani haumtii, ataelekea wapi, na nani atakuwa akimsubiri huko?

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga, na methali hiyo hutajwa katika kila matanga yanayofuata mkasa wa angani au wa barabarani. Hata hivyo, historia ya usafiri wa ndege inaonyesha kwamba marubani waliopatwa na hitilafu mbaya za usukani wamewahi kutua na kunusuru maisha. Mara nyingi kilichowasaidia ni kwamba hawakuharakisha kutua, walipata barabara ndefu ya kutulia, na watu wa ardhini walikuwa tayari kabla ya ndege kufika.

Hayo yote yanategemea maandalizi, na maandalizi hayafanywi ndege ikiwa tayari angani.

Hewa nyepesi, mwendo mkubwa

Viwanja vya eneo la Mlima Kenya vina tatizo ambalo abiria wengi hawalifahamu. Nanyuki iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nyeri, ambayo kiwanja chake kiko Nyaribo katika eneo la Kieni, nayo iko juu. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi.

Bawa la ndege huelea kwa kusukuma hewa. Hewa ikiwa nyepesi, sharti ndege iende kasi zaidi ndipo ipate uzito ule ule wa hewa chini ya mabawa yake. Kwa makadirio ya marubani, kila futi 1,000 za mwinuko huongeza mwendo halisi wa ndege kwa takriban asilimia mbili kuliko ule unaoonyeshwa na kipima-mwendo.

Alasiri yenye joto la nyuzi 24 hivi, hewa ya Nanyuki huwa kama ile ya mahali palipo zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Kipima-mwendo kikionyesha kilomita 150 kwa saa, ndege kwa hakika huwa inapita juu ya ardhi kwa kilomita 170 hivi kwa saa iwapo hakuna upepo. Nguvu ambazo breki zinapaswa kuzimaliza huzidi kwa takriban robo zile ambazo ndege hiyo hiyo ingekuwa nazo ikitua Malindi.

Hiyo ni hali ya ndege nzima isiyo na kasoro yoyote. Sasa flapu zikikataa kushuka, rubani hulazimika kuja kwa mwendo wa juu zaidi. Miongozo ya ndege ndogo kwa kawaida humtaka aongeze kilomita 20 hadi 30 kwa saa na atarajie kuhitaji theluthi moja zaidi ya umbali wa kusimama, au hata kupita hapo.

Ongezeko hilo la flapu likijumlishwa na lile la mwinuko, kiwanja kilichotosha asubuhi huenda kisitoshe mchana. Barabara iliyotosha kwa raha ndege ikiwa nzima inaweza kuwa mtego ndege ikiwa na kasoro.

Kumbukumbu za mlima

Wakazi wa eneo hili hawahitaji kukumbushwa kwamba mlima hausamehe. Mnamo Julai 19, 2003, ndege ya kukodishwa kutoka Afrika Kusini iliyokuwa ikitoka Nairobi kuelekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Watu wote 14 waliokuwa ndani walifariki.

Juni 5, 2018, ndege aina ya Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kuja Nairobi ilianguka katika milima ya Aberdare. Wote 10 waliokuwamo walifariki, na mabaki yalipatikana siku mbili baadaye baada ya waokoaji kuhangaishwa na ukungu na mvua.

Kaskazini zaidi, mnamo Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa ilianguka Marsabit ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 kati ya 17 waliokuwamo walifariki, miongoni mwao wabunge Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Guracha Galgallo na Abdi Sasura.

Katika mikasa hiyo mitatu, ndege iligonga ardhi iliyoinuka. Kwa hivyo mjadala kuhusu usalama wa anga katika eneo hili umekuwa ukihusu mawingu, ramani na rada. Ni mjadala wa haki. Lakini umeacha pembeni jambo ambalo mlima na mawingu hulifanya kuwa gumu maradufu: ndege yenye usukani mbovu inayohitaji nafasi ya kuzunguka, kupanda na kujaribiwa kabla ya kutua.

Rubani hufanya nini?

Kanuni ya kwanza anayofunzwa rubani ni ya mpangilio: kwanza aidhibiti ndege, pili ajue anakoelekea, tatu ndipo azungumze na watu wa ardhini. Katika hitilafu ya usukani kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa maana sekunde chache za kushughulika na redio zinaweza kuiacha ndege ikilala ubavu.

Kanuni ya pili ni kulitilia shaka jambo la mwisho lililofanywa. Ikiwa ndege ilianza kuvuta upande mmoja pindi flapu zilipoanza kushuka, yumkini flapu ya bawa moja imeshuka na ya bawa la pili imekwama. Rubani huzirudisha zilipokuwa na kutozigusa tena. Kuendelea kuzishusha kwa matumaini kwamba zitajinyoosha ni kulikuza tatizo.

Kanuni ya tatu humwendea kinyume kila abiria mwenye hofu: badala ya kuharakisha kutua, rubani hukatiza jaribio la kutua na kupanda tena, mradi ndege bado inakubali kupanda. Akiwa futi elfu kadhaa juu ya ardhi tambarare, mbali na mlima na nje ya mawingu, ndipo huijaribu ndege yake.

Majaribio hayo hufanywa polepole. Rubani hupunguza mwendo hatua kwa hatua huku akichunguza ndege inavyomjibu. Akifika mwendo ambapo ndege inaanza kukaidi, huurudisha juu kidogo, na mwendo huo salama ndio atakaoutumia kutua. Hata kama ni mkubwa kuliko wa kawaida, hathubutu kuupunguza hadi magurudumu yaguse ardhi.

Njia mbadala za kuielekeza ndege hutegemea kilichoharibika. Eleveta, sehemu ya mkia inayoinua na kuteremsha pua ya ndege, ikikwama, rubani hutumia trimu, kile kidhibiti kidogo cha kusawazisha pua, pamoja na kuongeza au kupunguza nguvu za injini. Eleroni za mabawani zikikwama, hukata kona pana na za taratibu kwa usukani wa mkiani. Usukani wa mkiani ukigoma, hutafuta barabara inayoelekeana na upepo ili asisukumwe kando.

Baada ya hapo hutangaza dharura kwa kuita "Mayday" mara tatu na kuweka nambari 7700 katika chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Hueleza idadi ya watu aliowabeba, mafuta yaliyosalia, na msaada anaohitaji. Kisha huja kutua kwa mstari ulionyooka kuanzia mbali, bila kona za ghafla karibu na ardhi.

Mchakato huo huhitaji muda. Ndege yenye mafuta ya kutosha inaweza kumpa rubani saa nzima ya kufikiri. Rubani aliyefika akiwa na mafuta ya kumfikisha tu huwa amejinyima saa hiyo kabla hajaondoka Wilson.

Funzo la Ureno

Hakuna kisa kinacholeta picha hii kwa uwazi zaidi ya kile cha Ureno. Mnamo Novemba 11, 2018, ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Air Astana la Kazakhstan iliondoka Alverca, karibu na jiji la Lisbon, baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa. Ndani yake walikuwa watu sita.

Mara tu baada ya kuruka, marubani waligundua kwamba ndege haiwatii. Walipotaka iinamie upande mmoja, eleroni ziliisukuma upande wa pili. Ndege iliyumbayumba na kupoteza mwelekeo mara kadhaa mawinguni, na hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba waliomba waelekezwe baharini wakajaribu kutua majini.

Lakini walipata muda. Walijadiliana, wakabadilisha mfumo wa uendeshaji ili kompyuta isiingilie amri za usukani, na ndege ikatulia kiasi. Ndege za kivita za Ureno zilitumwa kuwasindikiza. Hawakurudi kwenye kiwanja walichotoka, bali walielekezwa Beja, kambi ya wanahewa yenye barabara ndefu na pana.

Majaribio mawili ya kutua hayakufaulu. Katika jaribio la tatu waliikusudia barabara moja, upepo ukawasukuma, wakatua kwenye ile iliyo sambamba nayo. Wote sita walitoka hai.

Uchunguzi ulibaini kwamba nyaya za eleroni ziliunganishwa kinyume wakati wa matengenezo, na kwamba kosa hilo halikunaswa na ukaguzi uliofuata wala na majaribio ya kabla ya kuruka. Kosa lilifanyika karakanani, na marubani ndio walioachiwa kulilipia angani.

Kisa hicho kina mambo mawili yanayoihusu moja kwa moja miji ya Mlima Kenya. La kwanza ni umuhimu wa ukaguzi wa karakana, kwa maana sehemu kubwa ya ndege ndogo zinazohudumia eneo hili hutoka Wilson, ambako karakana nyingi za matengenezo ziko. La pili ni ile kambi ya Beja.

Barabara ndefu iko karibu

Kilomita chache kutoka mjini Nanyuki iko Kambi ya Wanahewa ya Laikipia, ambako ndege za kivita za Kenya huruka na kutua. Barabara yake ilijengwa kwa ajili ya ndege zinazotua kwa mwendo wa kasi mno. Kutoka Nyaribo, ndege ndogo inaweza kuifikia kwa muda usiozidi robo saa.

Kwa rubani ambaye flapu zake zimegoma akiwa karibu na Nanyuki au Nyeri, kambi hiyo ni kama Beja ilivyokuwa kwa wale wa Ureno. Kanuni za kimataifa zinampa rubani mkuu mamlaka ya mwisho kuhusu ndege yake, na anaruhusiwa kukiuka taratibu za kawaida pale usalama unapomlazimu. Mlango wa kambi ya kijeshi haufai kuwa kikwazo katika saa kama hiyo.

Hata hivyo, ruhusa ya kisheria ni jambo moja na maandalizi ni jambo jingine. Rubani wa kiraia anapaswa kuijua mapema masafa ya redio ya kuwapata waongoza ndege wa kambi. Nao walio kambini wanapaswa kujua watafanya nini ndege ya watalii 12 ikitokea bila taarifa, inayumba, na rubani wake hana nafasi ya maelezo marefu.

Nairobi nayo ni chaguo. Uwanja wa Jomo Kenyatta una barabara ya zaidi ya kilomita nne na zimamoto wa kudumu. Kutoka Nanyuki ni takriban kilomita 150 kwa anga, karibu nusu saa kwa ndege ndogo. Tatizo ni kwamba njia hiyo hupita kati ya Aberdare na Mlima Kenya, na msimu wa mvua mawingu hulijaza bonde hilo. Usukani mbovu na mawingu haviendi pamoja.

Upande wa mashariki upo uwanja wa Isiolo, wenye barabara ya kilomita 1.4. Faida yake kubwa ni kwamba uko chini sana kuliko Nanyuki, na hewa yake ni nzito zaidi. Kila chaguo lina faida na hasara. Rubani aliyezipima kabla ya kuondoka hupata jibu kwa dakika moja, ilhali yule anayeanza kuzipima hitilafu ikishatokea hujikuta akifanya hesabu huku akipigana na usukani.

Humu nchini marubani wamekwisha kuonyesha uamuzi wa aina hiyo. Oktoba 28, 2019, ndege aina ya Dash 8 ya shirika la Silverstone ilipoteza gurudumu baada ya kuruka kutoka Lodwar. Ilielekezwa Eldoret, kwenye uwanja wa kimataifa wenye barabara ndefu, na ikatua salama.

Machi 5, 2024, ndege aina ya Dash 8 ya Safarilink iliyobeba abiria 39 na wafanyakazi watano kuelekea Diani iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Wawili waliokuwa katika ndege ndogo walifariki. Marubani wa ile kubwa walisikia mshindo, wakaamua kurudi Wilson ili ndege ikaguliwe badala ya kuendelea na safari, na wote 44 walishuka salama.

Ustadi pekee hautoshi

Itakuwa kosa, hata hivyo, kumtwika rubani mzigo wote. Wakenya walijifunza hilo kwa uchungu mnamo Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilipoanguka dakika sita baada ya kuruka. Watu 157 walifariki. Wakenya walikuwa 32, idadi kubwa kuliko ya taifa jingine lolote.

Katika ndege hiyo aina ya Boeing 737 MAX, kifaa kimoja cha kupima pembe ya ndege dhidi ya hewa kilitoa habari za uongo. Programu ya kompyuta iliziamini, ikaisukuma pua chini tena na tena. Marubani waliukata umeme wa mfumo huo kama walivyoelekezwa, lakini mwendo wa ndege ulikuwa mkubwa mno hata gurudumu la kusawazisha kwa mkono likawa gumu kuzungushwa.

Miezi mitano awali, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina hiyo hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imeanguka nchini Indonesia na kuua watu 189 kwa sababu inayofanana. Onyo lilikuwepo. Ndege hizo zilisimamishwa kote duniani baada ya mkasa wa Ethiopia, na Marekani haikuziruhusu kuruka tena hadi Novemba 2020.

Tofauti kati ya Ureno na Ethiopia haikuwa ya ushujaa. Wale wa Ureno walipata urefu na muda wa kuitafakari hitilafu. Wale wa Ethiopia, waliokuwa wakipaa kutoka uwanja ulio zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, walinyimwa vyote viwili na mtambo ulioundwa vibaya. Ndiyo maana wanaosimamia usalama wa ndege husisitiza kwamba vita dhidi ya hitilafu ya usukani huanzia kwa mtengenezaji na karakanani, na rubani ni ngome ya mwisho tu.

Kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, hilo lina maana ya kukagua mara kwa mara kazi za mafundi, na kuhakikisha kwamba nyaya za usukani zinapoguswa, fundi wa pili asiyehusika anazikagua upya. Kwa rubani, ni kukumbuka kuzungusha usukani hadi mwisho kila upande kabla ya kuruka, huku akitazama kwa macho iwapo kibapa kinakwenda kunakotakiwa. Zoezi hilo halimalizi hata dakika moja.

Nani atafika na maji?

Tuseme rubani amefanya yote ipasavyo, na sasa anakuja kutua kwa mwendo mkubwa. Huenda ndege ikapitiliza barabara, ikavunja magurudumu na mafuta kuvuja. Hapo hatima ya abiria huwa mikononi mwa watu wa ardhini.

Miongozo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huvitaka viwanja vyenye huduma ya zimamoto kuwafikisha waokoaji mahali popote kwenye barabara ya ndege kwa muda usiozidi dakika tatu. Kiwanja kidogo kisicho na kituo chake hutegemea gari kutoka mjini, na hakuna gari la zimamoto linaloweza kutoka katikati ya mji wa Nyeri hadi Nyaribo kwa dakika tatu.

Kuna pia suala la mipaka ya majukumu. Usafiri wa ndege ni jukumu la serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti jukumu la zimamoto na kukabiliana na majanga. Hospitali za rufaa za Nyeri na Nanyuki nazo ziko chini ya kaunti, ilhali kambi ya Laikipia iko chini ya jeshi.

Ndege moja yenye usukani mbovu, kwa hivyo, inaweza kuhitaji asasi nne zisizo na mkuu mmoja zitende kwa pamoja ndani ya dakika 20. Hilo halitokei kwa bahati. Hutokea pale ambapo wahusika wamekwisha kukutana, wakabadilishana nambari za simu na kufanya mazoezi pamoja.

Mfano maarufu ni wa Sioux City, katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Julai 19, 1989, ndege kubwa ya abiria aina ya DC-10 ilipoteza mifumo yake yote ya mafuta ya kuendeshea usukani baada ya injini ya mkiani kupasuka. Marubani waliielekeza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizosalia, wakaifikisha uwanjani, ambako ilianguka na kukatikakatika.

Kati ya watu 296 waliokuwamo, 184 waliokoka. Walisifiwa marubani, na walistahili. Lakini mji huo ulikuwa umefanya zoezi la kukabiliana na ajali ya ndege mnamo 1987, hospitali zilikuwa na madaktari wa zamu mbili kwa pamoja, na askari wa akiba walikuwa uwanjani. Majeruhi wengi walifikishwa kwa madaktari kwa sababu watu walijua la kufanya kabla hawajaambiwa.

Shinikizo la abiria

Jambo la mwisho linawahusu wasafiri wenyewe. Katika miji ya Mlima Kenya, ndege na helikopta hubeba watalii wenye ratiba ya hoteli, wafanyabiashara wenye mikutano, na wanasiasa wanaokimbilia mazishi na mikutano ya hadhara. Kila mmoja wao ana sababu ya kutaka kushuka mahali alipopangiwa, si kwingineko.

Rubani anayesema kwamba anageuka kwenda Isiolo, Laikipia au kurudi Nairobi huwa anawakosesha watu hao mambo yao. Shirika lake litaingia gharama ya mafuta na magari ya kuwafuata abiria. Mheshimiwa atachelewa jukwaani. Shinikizo hilo halionekani katika kitabu cha ndege, lakini limo ndani ya chumba cha rubani.

Sera ya shirika inayotamka wazi kwamba rubani hataadhibiwa kwa kugeuza ndege ni kinga yenye thamani sawa na kifaa chochote kipya. Abiria naye ana wajibu wake: kufunga mkanda, kusikiliza maelekezo, kuacha mizigo pindi akiamriwa kutoka, na kutomwuliza rubani kwa nini hakutua kwenye kiwanja alichokwisha kukiona dirishani.

Hatua zinazohitajika si za mabilioni ya pesa. KCAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, jeshi na kaunti za Nyeri, Laikipia, Meru na Isiolo zinaweza kuandika mpango mmoja wa dharura unaotaja barabara zipi zitatumika, masafa yapi ya redio, na gari lipi la zimamoto litaelekea wapi. Kisha mpango huo ufanyiwe mazoezi angalau mara moja kila mwaka, kabla ya kilele cha msimu wa watalii.

Mashirika ya ndege nayo yanaweza kuwataka marubani waandike, kabla ya kila safari ya mlimani, kiwanja mbadala chenye barabara inayotosha kutua bila flapu, na kubeba mafuta ya kuwafikisha huko na ya kuwapa muda wa kuijaribu ndege. Mabunge ya kaunti yana uwezo wa kuwauliza maafisa wa majanga maswali hayo hata wiki hii. Majibu yao yataonyesha iwapo rubani atakayeita "Mayday" juu ya Kieni atapata mtu wa kumwitikia.